Imekaa Tu

Hakufa mtu. Niseme hilo kwanza,
maana wanaoniuliza hupenda kisa:
mume, mtoto, deni, ugonjwa.
Hakufa mtu. Nilikaa tu,
kama maji ya ndoo iliyosahauliwa uani:
leo meupe,
kesho yana utelezi,
mtondo yana viluwiluwi.

Na kanisani nilikwenda. Nani aseme sikwenda?
Benchi la nne, upande wa feni,
kitenge kimepigwa pasi, sadaka imefungwa kwenye leso.
Padre akifungua kinywa mie nishajibu,
nishasimama, nishakaa, nishapiga goti,
na kichwani napiga hesabu ya unga.
Miaka sita
goti langu liliinama
bila kuuliza linamwinamia nani.

Cherehani ilikuwa chumbani, chini ya shuka.
Ya bibi yangu, Bi Filomena Songolo,
aliyewashonea kanzu watumishi wa altare
tangu Mbweni hii ina nyumba za kuhesabika.
Juu yake niliweka redio,
juu ya redio magazeti,
juu ya magazeti akalala paka.
Hewa ya chumvi ikafanya kazi yake kimya.

Hata akaja Leokadia, mtoto wa jirani,
na yadi tatu za kitambaa cheupe kwapani.
"Bibi, Askofu anakuja. Napata kipaimara.
Mama kasema wewe ulikuwa unashona."

Ulikuwa.
Likaniingia kama sindano chini ya ukucha.

Nikamwita fundi Makame wa Chukwani.
Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kofia kichwani,
akalala chali sakafuni, akachungulia matumbo ya mashine,
akauvuta mkanda wa ngozi, akanusa mafuta yaliyoganda.
Mie nimejiweka tayari kuambiwa: nunua nyingine.
Akatoka chini, akajifuta mikono.
"Haina ubovu, bibi. Imekaa tu.
Chuma kikikaa hujifunza kukaa."
Akaitia mafuta ya taa, akasema ilale nayo usiku,
akakataa malipo ila ya chai.

Mahubiri ya mapadre wanne yamenipita.
Haya yalitoka mvunguni,
yananuka mafuta ya taa, yakanifika.

Asubuhi nikaketi, nikakanyaga.
Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika.
Nikatunga tena. Likarudi tena.
Nikatukana, kisha nikatazama huku na huku.
Ndipo mkono ukakumbuka kabla ya kichwa:
bibi hakuanza kwa mguu.
Aliweka kiganja juu ya gurudumu,
akalisukuma mbele, kidogo tu,
kama anayemgusa bega mtu aliyelala,
halafu mguu ukafuata.

Nikasukuma. Likakubali kwa manung'uniko.
Mshono wa kwanza ulikwenda upogo
kama kaa aliyeshtuliwa.
Sikuufumua.

Usiku ule, kitandani, nikasema: Baba.
Zamani ningekuwa nishafika Amina.
Nikabaki pale pale, kiganja juu ya neno hilo moja,
naliona zito, nalisukuma.
Sikuona nuru. Machozi hayakuja.
Mwadhini wa Chukwani akaanza, sauti imekwaruza kwa mafua;
nikamngoja amalize.
Kisha nikasema: Yetu.
Na hapo nikalala, sala ikiwa ya maneno mawili.

Kesho yake yakawa matano.
Keshokutwa nikasahau kabisa, nikakumbuka jikoni,
mkono mmoja kwenye tui,
nikaanza huko huko.

Jumapili ya Askofu, Leokadia alipita mbele
na gauni lake, pindo la kushoto limepinda.
Hakuliona Askofu, hakuliona mama mtu.
Mie nililiona kila alipopiga hatua,
na kila alipopiga hatua lilikwenda mbele naye.
Padre akasema maneno yake.
Nikachelewa kujibu,
nilikuwa nasikiliza.

Nimeagizwa mawili mengine, ya mapacha wa Kiembesamaki.
Mashine bado inalia ikipanda kitambaa kizito.
Mafuta yamebaki nusu chupa.